Kilio cha Saif Kwenye Ngazi za Tena

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimechaguliwa kuwa mwongozaji wa filamu! Nani mwingine angechaguliwa? Jumamosi shule yetu inaonyesha filamu fupi kuhusu vijana na afya ya akili kwenye mashindano ya shule, ukumbini Makadara. Tukishinda nitamtumia Baba video huko alikohamia tangu Aprili. Hapo lazima apige simu.

Saif ndiye kijana mwenye huzuni. Nilimwagiza alie, apige ukuta, arushe viatu. Akabisha, eti watu wenye huzuni hukaa tu na kusema wako poa! Sijui nani aliwahi kulipa kiingilio kutazama mtu akiwa poa.

Jumatano, 11 Juni
Tulirekodi kwenye ngazi za ploti yetu, jengo la kupanga mtaani Tena. Nilimpaka Saif kitunguu machoni. Alilia vizuri mno! Mama Phelister wa orofa ya tatu akasikia, akashuka na kikundi chake cha maombi. Wakamzingira, wakamwekea mikono kichwani, wakaanza kukemea mapepo. Saif alieleza kwamba ni filamu, tena yeye huswali msikitini Pumwani. Wakazidisha sauti. Dakika arobaini!

Wenzangu walitoroka. Nilibaki ngazini na mkate wangu, sikuula. Siku hizi chakula hakipiti, usingizi nao hauji. Sisi wasanii ndivyo tulivyo.

Ijumaa, 13 Juni
Kila kipande cha Saif kina Mama Phelister akipaaza sauti "Toka!" Zaidi ya hayo, Muhiba, mpiga video wetu, alikimbia akaacha simu imeegemea jerikeni. Ikarekodi ngazi hadi chaji ikaisha. Uzembe wa ajabu! Nimemwachia aunganishe vipande, ajirekebishe.

Jumamosi, 14 Juni
Nimesalitiwa! Muhiba amekata kilio chote. Ameniweka mimi! Dakika tatu nzima niko ngazini na mkate, natazama geti. Mama Phelister anapita, ananiuliza kama niko sawa. Najibu niko poa. Mwisho.

Sikuwa hata nikiigiza! Ukumbi mzima kimya, nikajua wamesinzia. Jaji mmoja alifuta macho, bila shaka ni vumbi la Makadara. Kisha wakatupa nafasi ya kwanza. Majaji gani hawa? Saif alinifuata nje, akauliza kama kweli niko sawa. Wivu tu. Nikamwambia niko poa.

Jumapili, 15 Juni
Nilimtumia Baba video. Ameiona tangu asubuhi. Hajajibu. Simlaumu, ule uigizaji ni mbovu. Iliniuma kidogo, nikalala mchana wote.

Jioni Mwalimu Everline, yule wa ushauri nasaha, alimpigia Mama. Anataka nimwone kesho wakati wa mapumziko, tukae tuongee, bila haraka. Mama akanimiminia maswali. Mimi nimeelewa mara moja. Mwalimu ameiona filamu, anataka kufundishwa jinsi mtu mwenye huzuni anavyolia.

Nimeshaweka kitunguu kwenye begi.