Shokapu, Boljointi na Matarumbeta

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Gari linagonga mbele. Ko, ko, ko! Nimempelekea fundi Enock. Akalinyanyua kwa jeki, akatikisa tairi kwa mikono miwili, kisha akanitazama kama mtu aliyeleta habari za msiba. Bushi zimekwisha, boljointi zinazoshikilia tairi zimelegea, shokapu zimekufa zote mbili. Laki tatu na themanini! Nikacheka makusudi ili aumie. Gari hili limebeba asali yangu kutoka Mitundu miaka kumi na minne. Leo Enock mwenye spana tatu ndiye anifundishe lilivyo?

Jumamosi nampeleka kanisani Lea, binti wa marehemu dada yangu. Kamati ya harusi imeshapitisha. Simeoni, baba yake mdogo, ana gari jeupe jipya na anasubiri niharibikiwe tu. Atasubiri sana.

Jumanne, 5 Agosti
Nina akili kuliko gereji zote za Itigi. Bushi ni mpira tu! Nimekwenda sokoni kwa mtengeneza katambuga, vile viatu vya matairi, akanikatia bushi nne kutoka kwenye tairi la lori. Elfu sita. Akauliza kama ni za mguu wa kulia. Mjinga.

Nikazifunga mwenyewe. Kimya kabisa! Nikavuka reli, moja ikachomoka, mbwa akakimbia nayo. Sasa linagonga, na juu ya hapo linalia kama mlango wa stoo.

Alhamisi, 7 Agosti
Kikao cha kamati. Simeoni akasema mbele ya watu kwamba alisikia gari langu likiwa bado upande wa pili wa mji, akachemsha chai, akainywa, ndipo nikafika. Wakacheka. Aliyeanza ni Martina, mke wangu! Mwenyekiti akapendekeza gari la Simeoni. Lea akakataa. Akasema mjomba ndiye aliyempeleka shule kwa gari hilo, na ndilo atakalotoka nalo nyumbani. Akaniomba tu nilitengeneze. Machozi yakanitoka. Nikaahidi.

Kabla sijakaa, akili ikanijia. Msafara wa harusi huenda polepole. Mbele yakitangulia matarumbeta, nani atasikia boljointi? Kamati haina fungu la matarumbeta. Nikatangaza nitayaleta mimi, kutoka Singida Mjini! Vigelegele. Simeoni akaangalia viatu vyake.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeuza asali yote. Matarumbeta ni laki nne pamoja na nauli. Enock amesikia, akaja kunieleza kwamba kwa hela hiyo gari lingepona na kreti ya soda ingepatikana. Nimemwambia mambo ya mipango hayamhusu.

Jumamosi, 9 Agosti
Matarumbeta yalipigwa hadi mbuzi wakakimbia. Hakuna aliyesikia kitu! Nikampungia Simeoni mkono kama waziri.

Langoni mwa kanisa katekista akainua mkono. Ndani kuna ndoa ya kwanza haijaisha, kelele marufuku. Matarumbeta yakanyamaza. Zimebaki hatua hamsini, watu wamejipanga pande zote mbili. Ko. Ko. Ko. Kisha kraa! Boljointi ikachomoka, tairi likalala ubavu, gari likapiga magoti mbele ya katekista.

Lea hakunisema. Alikunja gauni, akanishika mkono, tukatembea. Pindo likawa jekundu kwa vumbi. Nilitamani ardhi inimeze. Simeoni alisukuma gari langu pembeni akiwa na suti yake. Sitamsamehe.

Jumapili, 10 Agosti
Enock anasema sasa ekseli nayo imevunjika na fenda imekunjika. Laki sita na nusu. Mwizi! Ekseli ataniunganishia mchomelea mageti kwa elfu kumi na tano.

Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi. Nimelipata. Matarumbeta hayakupaswa kunyamaza. Mwezi wa kumi na moja anaolewa Ritha, mdogo wake Lea. Nimeshalipa kianzio cha vikundi viwili. Kimoja kikinyamazishwa, cha pili kinaendelea.