Penseli Kwenye Shingo ya Gitaa

Jumanne, 5 Juni 1956

Nimevumbua kitu! Nusu penseli na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Fundi baiskeli kama mimi hakosi mpira. Naikaza penseli juu ya nyuzi za gitaa, kwenye chuma cha tatu cha shingo, na wimbo mzima unapanda. Vidole vyangu vinashika vilevile nilivyozoea. Mashiko ninayojua, yaani namna za kupanga vidole kwenye nyuzi, ni matatu tu, lakini hilo ni siri ya daftari hili.

Mzee Hatibu, fundi cherehani na mkubwa wa bendi yetu hapa Makorora, ametangaza: Jumamosi tunapiga harusini Nguvumali. Atakayemfuata vizuri Semeni, mwimbaji wetu, ndiye atashika gitaa la kwanza. Mimi au Noa. Noa ni Msambaa, mpole, haongei. Watu wasioongea nawaogopa.

Jumatano, 6 Juni

Mazoezi. Penseli nimeifunika kwa leso, nikasema shingo ya gitaa ina ufa. Semeni akaomba wimbo upande kidogo. Nikapandisha papo hapo! Mzee Hatibu akanitazama kwa heshima. Noa akawaza kidogo, akabadilisha mashiko yote, akapiga sawasawa. Kumbe anajua! Basi nitapandisha mpaka ashindwe.

Alhamisi, 7 Juni

Nimemwambia Semeni kuwa sauti yake hupendeza ikiwa juu, na wanawake wa Nguvumali wanataka hivyo. Amefurahi. Nikahamisha penseli chuma cha tano. Noa akafuata. Chuma cha saba! Noa akafuata. Semeni akakohoa. Vidole vyangu vilibanana huko juu kama abiria wa basi. Lakini Noa alifuta jasho. Nimeliona.

Ijumaa, 8 Juni

Baada ya swala nimempelekea Semeni chai ya tangawizi. Sauti imemkauka. Akasema hamlaumu mtu, amejitakia mwenyewe. Sikumbishia.

Jumamosi, 9 Juni

Harusi, alasiri, ua umejaa. Semeni akaninong'oneza, "Kaka Safari, shusha." Nikarudisha penseli chuma cha tatu. "Shusha tena." Nikaitoa kabisa. Akaimba mstari mmoja, akanigeukia. "Bado iko juu. Shusha, kaka yangu, nitaaibika!"

Nikaitazama shingo ya gitaa. Hapakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Wanawake wakaanza kucheka. Machozi yakamlenga Semeni. Mimi nikajifanya nimekatikiwa uzi. Noa akasogea, akamsikiliza akivumisha wimbo puani, akaanza chini kabisa, polepole. Semeni akaimba kwa sauti ile ya mikwaruzo. Wanawake wakaacha kucheka. Kisha vigelegele! Mama wa bibi harusi alilia.

Mzee Hatibu hakunigombeza. Alinipa kayamba nitikise.

Jumapili, 10 Juni

Noa alipotoka kanisani amepitia kibandani kwangu. Penseli ameiona tangu Jumatano, hakutaka kuniaibisha. Akasema ni kitu kizuri, ila hupandisha tu, haiwezi kushusha. Kushusha ni kubadilisha mashiko. Atanifundisha, wiki mbili zinatosha. Semeni naye amemtuma aniambie hana kinyongo. Nikashukuru, nikasema nina baiskeli nyingi za kutengeneza.

Wiki mbili! Ananiona mjinga. Tangu aondoke nimekaa nikifikiri. Penseli ikikazwa mbele ya shingo, wimbo unapanda. Basi ikikazwa nyuma, lazima ushuke! Mpira nimeshakata.