Bustani ya Kushushia Presha

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Presha mia na tisini! Daktari Abdulatifu kasema sishiki usukani mpaka ishuke chini ya mia na hamsini. Nikauliza dawa. Kasema jembe. Nilime bustani kwa mikono yangu, nisikilize ndege, Ijumaa nirudi kupimwa. Balaa ni kwamba ushirika wetu umebakiwa na lori moja, mahindi yote yanabebwa na wafanyabiashara binafsi. Madereva tumebaki wawili, mimi na Otto, na Otto naye ana presha, alishaandikiwa jembe kabla yangu. Atakayepona ndiye atakayeendesha. Mwingine anarudi nyumbani. Naogopa. Sijui kazi nyingine.

Jumanne, 3 Agosti

Bondeni Mshangano alfajiri, kwenye bustani zetu. Otto keshafika, anapalilia mchicha huku anapiga mluzi. Kanisalimu vizuri, kasema tangu aanze kulima analala fofofo. Nikaingiwa na wivu. Nimelima nusu tuta, viganja malengelenge, shingo inapiga. Kwani Mngoni gani analima peke yake? Pombe ipo, watu waalikwe, kazi iishe. Nimeagiza komoni kwa mama Ida wa Lizaboni. Mke wangu Paskalina kasema aliyeandikiwa jembe ni mimi, si mtaa mzima. Hana imani.

Alhamisi, 5 Agosti

Wamekuja ishirini na mmoja. Matuta kumi na manne kabla ya saa sita! Otto anayo manne tu. Mimi nimesimama kivulini, natoa amri. Ila mwenye shamba lazima aonje kwanza, wageni wasije wakadhani kaweka sumu. Nikaonja. Kila debe likifunguliwa, nikaonja. Alasiri komoni ikaisha, wawili wakakunjana mashati, matuta sita yakakanyagwa. Nimefoka mpaka masikio yanavuma. Ndege wote walikimbilia upande wa Otto.

Ijumaa, 6 Agosti

Mia mbili na kumi. Otto mia na arobaini.

Ufunguo wa lori kapewa yeye, naye atapimwa kila mwisho wa mwezi; presha ikipanda, anaurudisha. Nje akanifuata, akanipa pole, akasema kwa kuwa anasafiri, nimwagilie mchicha wake, kazi hiyo itanishushia na mimi presha. Alisema kwa moyo. Nimefika nyumbani nikalia mbele ya Paskalina. Hakunicheka.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa nilikwenda bustanini kwa Otto, peke yangu. Nikamwagilia. Nikapalilia kwa vidole, udongo wa baridi, ndege wakarudi. Saa nzima sikuwaza kitu. Shingo ikatulia kabisa! Daktari hakudanganya.

Na kichwa kilipotulia hivyo, akili ikafunguka. Kwamba Otto atapimwa tena mwisho wa mwezi. Nimempa kondakta wa basi la Njombe barua, ampelekee huko alikolala na lori. Nimemwarifu kwa masikitiko kwamba viwavi wameumaliza mchicha wake wote, hakuna hata jani. Sasa nasubiri jibu. Shingo imeanza kupiga tena, sijui kwa nini.