Kila Ujumbe Upitie Kwangu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nyamiaga. Siku ya kwanza ya mafunzo. Asubuhi nzima nimewaeleza wafanyakazi wa umoja wa wakulima maana ya kuunganisha mifumo. Ofisi ya Ngara ina taarifa zake za mbegu. Ya Biharamulo ina zake. Zinaishi kama mume na mke waliokosana wanaotumiana salamu kupitia kwa jirani. Mimi, Anastazi, mshauri wa mifumo, nimekuja kuweka ujumbe, ratiba na taarifa za ghala mahali pamoja. Kazi nzito. Nusu yao walisinzia.

Mzee Bulugu, mtunza ghala, akauliza kama kitu hiki ni WhatsApp. Nikamweleza kwa kirefu kwamba siyo. Akanishukuru, akatoa simu, akawaandikia wenzake kwa WhatsApp kwamba siyo WhatsApp.

Meneja wetu, Mama Eustakia, ametangaza kwamba Ijumaa atamchagua mkufunzi mkuu wa wilaya zote mbili. Tuko wawili. Mwingine ni Nimpaye, anayefundisha upande wa Biharamulo. Huyu hukaa kwenye mkeka na wakulima. Hana hata slaidi. Nimeona picha za mafunzo yake: watu wanacheka. Mafunzo yanayochekesha si mafunzo.

Kipimo chetu ni ugawaji wa mbegu za maharage kule Kaniha, keshokutwa. Mvua imeshaanza. Asiyepanda wiki hii, msimu umempita.

Jumanne, 8 Oktoba

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Msimamizi wa mfumo ni mimi peke yangu. Nimeuagiza kwamba ujumbe wowote wa Nimpaye usimfikie mtu mpaka upitie kwangu. Si wivu. Ni kulinda ubora.

Kabla ya chakula cha mchana samaki ameshanasa. Nimpaye ameandika kwamba kila kijiji kipangiwe saa yake ya kuchukua mbegu, watu wasirundikane. Nikafuta jina lake, nikaweka langu, nikamwagia neno "kimkakati" kila palipokuwa na nafasi. Mama Eustakia akanipigia kunisifu. Nimekula ndizi na maharage kwa raha ambayo sijaionja tangu Pasaka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua kubwa. Asubuhi Nimpaye ameandika kutoka Kaniha. Maneno yake ni haya: "Kalavati la bondeni limeondoka. Lori lisipite huko. Lizungukie juu, lishushe kanisani." Basi. Hakuna salamu, hakuna utangulizi. Mtu mwenye diploma anaandika kama anayemwita mbuzi.

Dhamiri yangu haikuniruhusu kuuachia hivyo. Nikauandalia utangulizi kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kisha usuli. Kisha nikatafuta neno lenye hadhi kuliko "limeondoka". Nikaona "limepoteza uthabiti" linakaa vizuri. Chai nikanywa hapo katikati. Nilipoutuma, ulikuwa ujumbe wa kujivunia, wenye vichwa vidogo na hitimisho.

Niyomugabo, dereva wa lori, akanipigia papo hapo. Nilidhani anashukuru. Akaniambia ameusoma wote, mzuri sana, na kwamba anausomea huko bondeni, lori likiwa limezama mpaka ekseli.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekwenda Kaniha na Mama Eustakia.

Mbegu tulizikuta kanisani, kavu. Wakulima walizitoa kwenye lori jana hiyo hiyo, wengine kwa kichwa, wengine kwa baiskeli, chini ya maturubai, Nimpaye akitangulia na matope mpaka magotini. Mama mmoja, Francisca, aliteleza na gunia akateguka mguu. Tulimkuta kwenye benchi, mguu umevimba. Nikampa pole. Akaniuliza kama mimi ndiye yule wa kompyuta. Nikasema ndimi. Akageuza uso, akatazama ukuta.

Nadhani ni maumivu.

Mama Eustakia akaniuliza kwa nini ujumbe ulioandikwa asubuhi umfikie dereva karibu na adhuhuri. Nikasema mtandao wa huku ni dhaifu. Akafungua simu yake, akausoma ujumbe wangu kimya kimya mpaka kwenye hitimisho.

"Mwanangu," akasema, "mtandao dhaifu hauandiki utangulizi."

Nimpaye alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amechaguliwa Nimpaye. Walipiga makofi mpaka Mzee Bulugu akazinduka usingizini, naye akapiga.

Nilikuwa nimeamua kujishusha. Nikampa meneja shikamoo yenye unyenyekevu wote nilionao. Akaitikia marahaba, kisha akaniomba nywila ya msimamizi. Nikaikabidhi mbele ya watu. Akaniambia Jumatatu nisirudi.

Nikiwa nafungasha projekta, Nimpaye akanifuata nje. "Kaka, ungeniomba tu," akasema. "Lile la kupanga saa ningekuachia uliseme wewe. Mimi nilitaka watu wapate mbegu." Nikamwambia nitalitafakari. Nimelitafakari kwenye bodaboda mpaka mjini. Ni dharau tupu. Mtu akishakushinda, wema wake wote ni majigambo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mola hamtupi mja wake. Wafuga nyuki wenye ofisi hapa Ngara mjini, jirani na stendi, wameniita. Mwenyekiti wao, Keza, amesikia kuna mifumo ya ushirikiano na hataki kikundi chake kibaki nyuma.

Nimekwenda kukagua. Hali ni mbaya kuliko nilivyohofia. Wafanyakazi wote wamekaa meza moja. Mmoja akiuliza, mwenzake anajibu kabla hajamaliza kuuliza. Asali ikipungua, anayeuza anamgeukia mwenzake wa manunuzi, anamwambia. Hakuna utaratibu wowote wa mawasiliano.

Keza akasema wao wanaelewana vizuri tu, labda niwafundishe kutumia kompyuta basi. Ndio watu tunaofanya nao kazi hawa. Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa, kwamba huwezi kuwaunganisha watu ambao hawajatenganishwa.

Amekubali. Jumatatu naanza. Nimeshaongea na fundi seremala aje na msumeno: kwanza tunaikata meza.