Nati za Kwenye Soksi

Jumamosi, 4 Mei

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mtu mwenye lengo huandika shajara. Mimi ninalo lengo, tena kubwa: Mama apate leseni ya udereva Jumamosi ijayo.

Ameshaanguka mtihani mara mbili. Mara ya kwanza alisahau breki ya mkono. Gari likarudi nyuma polepole, kwa heshima zote, likakilalia kibao kilichoandikwa KARIBUNI. Mara ya pili aliendesha vizuri kabisa, ila alipoambiwa abadilishe gurudumu aliinua gari kwa jeki kwanza, ndipo akaanza kufungua nati. Gurudumu likawa linazunguka pamoja na spana, na Mama nusura azunguke nalo. Mtahini alimwacha ahangaike muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijamsamehe.

Kiwanda cha mikate kimemwahidi Mama kazi ya kusambaza mikate kwa gari. Bila leseni, kazi anapewa mwingine. Na Baba ametangaza mezani kwamba hii ndiyo mara ya mwisho gari lake kuguswa. Eti gari si ubao wa kujifunzia. Mama aliendelea kukwangua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

Kwa hiyo nimejiteua kuwa kocha wake.

Baba alipolala mchana tukaingia kazini uani. Nimemtungia wimbo: legeza, inua, toa, rudisha, shusha, kaza. Mama aliuimba kwa sauti ya chini, akafungua gurudumu la mbele na kulirudisha. Safi! Alitaka kujaribu na spea pia, lile gurudumu la akiba. Nikakataa. Nikamwambia spea ibaki safi kwa siku yenyewe. Alinitazama kidogo, halafu akasema haya, wewe ndiye msomi.

Jumapili, 5 Mei

Ukaguzi wa buti la gari. Nimeona mambo!

Magurudumu manne ya gari la Baba yana ringi za aloi, zile za kifahari zisizo za chuma. Alizinunua kwa mtu mwaka jana na akawa anazipapasa kila asubuhi kabla hata ya kutusalimia. Nati zake zinang'aa kama vijiko vya wageni. Lakini spea ina ringi ya zamani ya chuma, nyeusi, na pembeni yake kuna soksi ya kijivu yenye mstari mwekundu, inanuka grisi. Ndani ya soksi, nati nne fupi, zimefifia, kila moja imechongoka upande mmoja kama koni.

Nani anaweka nati kuukuu kwenye soksi? Baba. Yule yule anayetunza betri za redio zilizokufa.

Nikafikiri kama mtahini. Shuleni usafi una alama zake. Mtahini akifunua buti akakutana na soksi ya mtu, atakunja uso, na Mama atakuwa ameanguka kabla hajagusa spana. Uamuzi: soksi iondoke. Spea itafungwa kwa nati zile zile nzuri zitakazotoka kwenye gurudumu lililofunguliwa. Zinatoka nne, zinarudi nne. Hesabu ya darasa la kwanza.

Soksi nimeifua, nikaianika, nikairudisha kwenye droo ya Baba. Mimi si mwizi. Nati nimempelekea Bibi, mama yake Baba, ambaye wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba upepo unainua pazia lake na majirani wanamwona na nguo ya ndani. Atazishona kwenye upindo wa pazia ziwe uzito. Bibi huniita mke mwenza. Alisema leo ndiyo mara ya kwanza mke mwenza kumletea kitu cha maana.

Siku moja, matatizo mawili, kwisha kazi. Wakati mwingine najishangaa.

Jumatatu, 6 Mei

Waziri!

Huyu ni msichana wa dawati la pili. Baba yake ana duka la matairi. Tunamwita Waziri kwa sababu ukimwuliza saa anakuhutubia. Dada yake naye anafanya mtihani Jumamosi. Kosa langu lilikuwa kujisifu mbele yake.

Akauliza, nati za aloi kwenye spea ya chuma? Nikasema ndiyo, kuna nini? Akachukua chaki. Akachora ubaoni, mbele ya watu wote! Eti ringi ya aloi ni nene, ndiyo maana nati yake ina shingo ndefu na washa bapa, yaani kipete cha chuma. Ringi ya chuma ni nyembamba, na matundu yake yamebonyea kama koni, yanataka nati yenye koni. Ukitia ile ya aloi, shingo inagota ndani kabla haijabana chochote.

"Nati si kofia, bibi wee, kwamba kila kichwa kitavaa!"

Darasa likacheka. Hata wale ambao hawajawahi kupanda gari.

Nilimshukuru kwa hotuba. Nikamwambia kwamba Mama hanunui kitu kwao leo. Huu ni wivu mtupu. Anajua Mama akipata leseni nitashushwa mlangoni mwa shule, nimekaa mbele, kioo kimeteremshwa.

Jumanne, 7 Mei

Ili pasiwe na uonevu nimefanya jaribio. Mwalimu wa sayansi anasema usibishe, pima.

Baba alipoingia kuoga nilifungua nati moja ya aloi, nikaitumbukiza kwenye tundu la ringi ya spea. Imeingia! Shingo yote, bila kukwama. Kitu kinachoingia kinafaa. Nikairudisha mahali pake na kuikaza kwa uzito wangu wote, na uzito wa mkoba wangu wa vitabu.

Waziri sifuri.

Jumatano, 8 Mei

Furaha kuu nyumbani. Baba amepata soksi yake!

Kumbe mwaka mzima amekuwa akiiomboleza. Alimlaumu Mama, akalaumu upepo, akamlaumu hata paka wa jirani. Leo amekuja kunywa chai amevaa zote mbili, akainua miguu juu ya kiti ili tuzione. Akasema nyumba hii kumbe haina wachawi. Akasema atazivaa tena Jumamosi, zina bahati.

Mama aliuliza ilikuwa wapi. Baba akasema kwenye droo, mahali pa soksi, ingekuwa wapi? Mama akanitazama. Nikaomba sukari.

Alhamisi, 9 Mei

Nilimkuta Mama jikoni ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili, macho mbele, akikata kona. Hakuniona. Alipiga na honi, kwa mdomo, taratibu.

Aliponiona alicheka, akaketi. Akaniambia si mikate anayoitaka. Amechoka kuomba. Akitaka sabuni anaambiwa subiri. Akitaka viatu vyangu vya shule anaambiwa mwezi ujao. Anataka siku moja aseme tu ninakwenda, na aende.

Niliosha vyombo bila kuambiwa, jambo lililomtia wasiwasi zaidi.

Ijumaa, 10 Mei

Bibi ametangaza kwamba kesho na yeye yumo. Hawezi kukosa kumwona mkwe wake akianguka mara ya tatu. Nikamwambia kwamba Mama hataanguka. Akasema basi hawezi kukosa muujiza.

Ila ule uwanja una upepo, na yeye ameshaaibika vya kutosha. Kwa hiyo amezifumua nati kutoka kwenye pazia na kuzishona kwenye upindo wa gauni lake la kutokea. Alipita ukumbini kunionyesha. Ko, ko, ko. Kama farasi wa mtu tajiri. Nilimsifu. Bibi ana akili. Nadhani nimezirithi kwake.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike haraka kabla hawajaninyang'anya kalamu.

Baba alituendesha, maana Mama bado haruhusiwi. Uwanja wa mtihani ni vumbi na upepo tu. Waziri alikuwepo, ameketi juu ya tairi kuukuu kama yuko bungeni. Dada yake akafaulu. Waziri akapiga makofi huku ananitazama mimi.

Zamu ya Mama. Breki ya mkono, aliikumbuka! Kurudi nyuma, kibao cha KARIBUNI kikabaki kimesimama. Bibi akasema kwa sauti kwamba haamini. Ikafika zamu ya gurudumu. Midomo ya Mama ilikuwa ikicheza, na mimi peke yangu nilijua anaimba nini. Akalegeza, akainua, akatoa. Akavisha spea. Akazikaza zile nati zinazong'aa moja baada ya nyingine. Mtahini akatoa kalamu mfukoni. Nikaanza kutabasamu kuelekea upande wa Waziri.

Hapo Mama akafanya jambo ambalo halimo kwenye wimbo wangu. Akalishika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa.

Kong'o, kong'o.

Akakaza tena, mishipa imemtoka shingoni. Kong'o. Akasimama, jasho linamtiririka, akamwambia mtahini kwamba gari hili haliendi popote, nati zimefika mwisho na ringi haijabanwa. Mtahini akasema muda wake bado haujaisha. Basi!

Mama akapaza sauti kumwuliza Baba: nati za spea ziko wapi? Baba akajibu kwa mbali, anajiamini kama kawaida, ziko kwenye soksi ndani ya buti, zimekaa humo mwaka mzima. Mama akapekua buti. Hakuna. Baba akasema haiwezekani, atazame vizuri, ni soksi ya kijivu, ina mstari mwekundu.

Mama akatazama chini. Sote tukatazama chini. Baba alikuwa amepandisha suruali kwa ajili ya vumbi.

"Baba nanihii," Mama akasema polepole, "si hiyo uliyoivaa?"

Baba aliangalia miguu yake kana kwamba ni ya jirani. Halafu wote wawili wakanigeukia. Sijui kwa nini nyumba hii huanza na mimi.

Nilikuwa nimefungua mdomo kueleza kuhusu alama za usafi. Upepo ukavuma. Kofia ya mtahini ikaondoka. Karatasi zikaruka. Kila nguo uwanjani ilipepea isipokuwa gauni la Bibi, lililosema ko, ko.

Mama alisikia. Alimwangalia Bibi. Akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali, maana mtu mwenye lengo hasemi uongo mbele ya jeki.

Mama akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kuanza kukata uzi kwa meno! Bibi akapiga kelele kwamba mkwe amerukwa na akili, anamvua nguo hadharani, hakuna mwanamume hapa wa kumsaidia? Baba akamwambia Bibi, Mama tulia, ni nati. Bibi akasema ni nati zake, kapewa na mke mwenza. Zikadondoka moja moja kwenye vumbi. Mama akazifuta kwa gauni lake mwenyewe na kuzikaza kwenye spea. Akatikisa. Kimya! Akashusha jeki, akakaza mara ya mwisho, akaingia garini na kuuzunguka uwanja.

Wakati huo huo upepo ulimfunika Bibi gauni kichwani, na uwanja mzima ukaona kile ambacho majirani wamekwisha kukizoea.

Mtahini alisema wengi hukaza na kuondoka bila kulitikisa gurudumu. Akasema huyu mama anaweza kupewa gari la watu. Akatia saini.

AMEFAULU!

Mama alilia akiwa ameikumbatia spana. Baba akasema alijua tangu mwanzo. Kisha akauliza ni nani aliyeifua soksi.

Waziri akaja, mikono kiunoni, akasema nilikwambia. Nikamweleza kwa utulivu kwamba huo ndio ulikuwa mpango: nati za akiba huwekwa kwa mtu mzima mwaminifu, zisiibiwe. Alifungua mdomo. Hotuba haikutoka. Siku njema kuliko zote.

Jumapili, 12 Mei

Adhabu: kumwomba Bibi radhi, kulishona gauni, na kutogusa buti la Baba mpaka nitakapoolewa. Bibi amenisamehe, ila anataka uzito wake. Pazia limeanza tena kupepea.

Mwalimu anasema tuandike tulichojifunza. Nimejifunza kwamba kila kitu kibaya kilikuwa kwenye gari la Baba. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro.

Jumanne, 14 Mei

Mama amekuja kunichukua shuleni kwa gari la mikate! Nilikaa mbele. Kioo nilikiteremsha. Tulimpita Waziri, nikampungia mkono kwa vidole viwili. Yeye alikuwa anaangalia magurudumu yetu. Mshamba.

Mama alipoingia ndani kuvua viatu nilifanya ukaguzi kidogo. Hili si gari la Baba, kwa hiyo adhabu hailihusu. Chini ya kiti nimekuta kopo la maziwa ya unga, na ndani yake nati kuukuu, zimefifia, zina koni. Aibu! Gari la chakula!

Safari hii sikukurupuka. Nililizunguka gari lote. Magurudumu yote manne, ya aloi kama ya Baba, yamejaa upepo, na kila moja lina nati zake kamili. Maana yake za kwenye kopo hazina kazi yoyote. Nimepima, sijabisha.

Kopo nimelisugua, nimetia maua, liko dirishani kwa Bibi. Nati amezishona kwenye upindo, pazia lake limetulia kabisa, na ameniambia nitafika mbali.

Kesho Mama anapeleka mikate ng'ambo ya vilima, barabara yote ni mawe. Nimefurahi kwamba gari limepungua uzito.