Siku Nne Savannah Bila Kupanga Foleni

Alhamisi, 16 Aprili

Tumefika Savannah saa saba mchana kutoka Macon. Chumba kizuri. Dirisha linatazama bustani yenye mialoni inayoning'inia majani ya kijivu kama ndevu. Mke wangu Ernestine amefurahi, lakini kabla hajafungua begi amenikumbusha sharti la safari: hakuna ujanja. Amestaafu juzi baada ya miaka ishirini na tisa ya kupikia watoto wa shule, anataka siku nne za kutembea na kula kama watu wazima wenye akili zao. Nikianza mambo yangu atapanda basi arudi peke yake. Nimeapa. Nilikuwa bafuni na bomba likimwaga maji, lakini nimeapa.

Tatizo ni shemeji Hollis, kaka yake. Alikuja huku mwaka jana, na tangu hapo hatupumui. Kila Jumapili baada ya ibada ni kuku wa mgahawa wa Bi Lavinia, bamia za kwa Bi Lavinia. Alisimama foleni saa tatu nzima, anazisimulia kama vita. Mimi nitakula hapohapo, na sitasimama. Huo si ujanja. Ni matumizi mazuri ya muda.

Jioni tumezunguka. Nikamweleza Ernestine kuhusu sanamu moja: jenerali aliyeuokoa mji akiwa juu ya farasi. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi akasema kwa upole kwamba yule alikuwa mhubiri. Nikamjibu kwamba wataalamu hawajakubaliana.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimenunua fimbo. Nilimwambia Ernestine ni ukumbusho wa safari. Tulipokaribia kwa Bi Lavinia nikaanza kuchechemea. Foleni ilikuwa imekata kona. Mlangoni husimama Bi Rozetta, mwanamke mpana mwenye aproni nyeupe na sauti ya kuongoza kwaya. Akanionea huruma palepale.

"Njoo, mpenzi wangu, kaa hapa kivulini. Nitakuingiza sasa hivi."

Nikawapita watu arobaini nikiguna kwa adabu. Ernestine akabaki nyuma, akitazama angani kama mtu asiyenijua.

Kivulini alikuwepo bwana mmoja mnene, mpole, daktari wa mifupa kutoka Atlanta. Akauliza ni nyonga au goti. Goti, nikasema. Lipi? La kushoto. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba tangu kwenye kona nilikuwa nachechemea mguu wa kulia. Nikamweleza kwamba maumivu yangu yanahamahama.

Bi Rozetta akanyoosha mkono kuelekea kona. "Basi na wewe hama nayo, mpenzi. Mwisho wa foleni ni kule."

Tulipoikaribia ngazi, chakula kikaisha, mlango ukafungwa. Ernestine akaenda kula kamba na uji mzito wa mahindi kwenye mgahawa mwingine, meza ya mtu mmoja. Mimi nikala mkate bustanini. Aliporudi chumbani aliongea taratibu.

"Lemuel, kesho natembea peke yangu. Basi la Macon linaondoka saa tisa alasiri. Bado nafikiria."

Siku zote huniita Lem. Jina zima ni dalili mbaya.

Jumamosi, 18 Aprili

Ameondoka saa mbili asubuhi bila kuniaga. Begi lake limefungwa, limesimama karibu na mlango. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikilitazama. Miaka thelathini na minne. Sijui hata chumvi inakaa kabati gani.

Nikaamua nimtafutie viti viwili kwa Bi Lavinia kabla ya saa tisa. Nilipofika, watu thelathini walikuwa wamenitangulia. Nikamnong'oneza wa mwisho wao kwamba bawaba ya mlango wa mbele imekatika, leo wanaingizia nyuma, kichochoroni. Nilimwambia mmoja tu. Baada ya dakika kumi nilikuwa peke yangu juu ya ngazi. Wa kwanza. Sijawahi kuwa wa kwanza popote.

Saa nane, muda wa kufungua, ikafika, mlango kimya. Saa nane na robo, nikasikia vijiko. Nikachungulia dirishani: wote wameketi, wanapitishiana mabakuli. Bi Rozetta aliwakuta kichochoroni, akaona taabu kuwazungusha, akawapitisha jikoni.

Nikawa nashuka ngazi mlango ulipofunguka. Ernestine. Amevaa aproni. Kumbe alikwenda asubuhi kumwomba Bi Rozetta radhi kwa ajili yangu, wakagundua kwamba wote wawili wamepikia shule maisha yao yote, akakaa kumsaidia kukata bamia. Akaniambia amenishikia kiti.

Bi Rozetta akachungulia nyuma ya bega lake. "Si ndiye huyu mwenye goti?"

"Ndiye huyuhuyu," Ernestine akasema. "Ni wangu, sasa nifanyeje?"

Tulikula. Meza ya watu kumi: kuku wa kukaanga, bamia na nyanya, sukuma wiki iliyochemshwa na nyama ya moshi, wali mwekundu, viazi vitamu, vimkate vya moto na siagi. Jirani yangu alikuwa yule daktari. Akanipitishia kuku, akauliza hali ya goti. Nikasema limepona. Ernestine akacheka mpaka machozi, akanishika mkono, akausahau mkono wake hapo. Saa tisa ilipita tukiwa tunakula mkate mtamu wa pichi. Alisema, "Lem, nipitishie krimu."

Nimemtumia Hollis picha. Hajajibu. Sijawahi kusikia ukimya mtamu hivi.

Tena nimelifikiria jambo hili vizuri. Bila uongo wa kichochoroni nisingebaki nje, na kama nisingebaki nje, Ernestine asingekuja kunifungulia. Mpango ulikwenda sawasawa.

Jumapili, 19 Aprili

Siku ya kuondoka. Ernestine akataka aiskrimu. Foleni ya watu kumi na wanne. Aliniomba nisimame tu, kama watu. Nikasimama dakika nne, kwa shida.

Kisha nikatangaza, kwa kuwahurumia wenzangu, kwamba kuna gari la bluu mtaa wa pili limeachwa taa zinawaka. Wenye magari ya bluu ni wengi kuliko nilivyodhani. Sita wakaondoka mbio. Tukafika dirishani kwa kufumba na kufumbua. Ya karanga kwake, ya pichi kwangu. Ushindi.

Gari letu ni la bluu. Taa niliziacha zikiwaka tangu Alhamisi tulipofika. Betri imekufa kabisa.

Naandika haya nikiwa nimekaa ndani ya gari. Mmoja wa wale sita ameleta waya zake za kuunganisha betri, anatuwashia gari, na ananishukuru kwa moyo wangu wa kujali watu. Ernestine amesimama naye, analamba aiskrimu, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nimegundua jambo kubwa: ukifungua boneti, hakuna askari anayekuuliza kwa nini umeegesha mahali pasiporuhusiwa. Mwezi wa kumi tunakwenda Charleston. Nitaifungua mbele kabisa ya mgahawa.