Taarifa Iliyosainiwa Mapema

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa masjala ametangaza: Ijumaa anabakiza mmoja tu kazini. Mimi, au yule dada wa meza ya pili tunayemwita Miwani. Lakini nina silaha: programu yangu ya kuhamishia rekodi za vizazi kwenye kompyuta mpya. Haijawahi kutoa kosa hata siku moja.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Mama mmoja kaja kuchukua cheti cha mwanawe. Mtoto hayumo. Watoto mia tatu hawamo! Diski ilijaa katikati ya kazi, na programu ikatangaza “Hakuna kosa”. Mkuu akauliza kama hawa watoto wamezaliwa au bado. Nikasema nachunguza, mzee. Bahati faili la zamani lipo.

Jumatano, 6 Machi
Miwani kaangalia dakika moja, akacheka. Kumbe ile amri ya mwisho, ya kufunga faili na kutoa taarifa programu inapotoka, nimeikabidhi matokeo mwanzoni, kazi haijaanza. Eti ni kusaini kwamba mzigo umefika na gari bado liko njiani, kaka. Dawa: niifunge amri ndani ya kijiprogramu kisicho na jina, kinachoshika kisanduku chenyewe cha kosa, pale programu inapohifadhi kosa likitokea, na kuchungulia ndani wakati wa kutoka. Nikamjibu nilikuwa najua. Kisha nikaenda msalani kuandika yote kiganjani.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerekebisha. Nikajaribu kwenye diski iliyojaa: “Hakuna kosa”! Jasho mpaka soksi. Kumbe kijiprogramu changu kikifunga faili salama, kinatia matokeo hayo kisandukuni na kufuta kosa lililokuwamo. Miwani akasema kosa la kwanza lisiguswe; la kufunga liingie tu kisanduku kikiwa kitupu. Mstari mmoja. Sasa inalalamika vizuri kabisa!

Kesho saa tatu nahamisha watoto wote mbele ya mkuu. Ili nisihangaike kuandika mbele yake, taarifa nimeshaiandika na kuisaini: “Watoto wote wamehama. Hakuna kosa.” Nimeiacha mezani kwake.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu aliisoma saa mbili asubuhi, kabla sijahamisha hata mtoto mmoja. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, hao watoto wamehama kwa usafiri gani. Kamchagua Miwani.

Miwani kaniombea mwezi mmoja wa majaribio, chini yake. Kila Ijumaa anataka taarifa. Safari hii sitaki presha: zote nne nimeshazisaini.